Slaidi za Kujaa na Kupwa: Shajara ya Mradi

Jumatatu

Mradi ni slaidi za hotuba ya dakika 20 katika mkutano wa kiufundi utakaofanyika hapa Mombasa, ng'ambo ya daraja, Nyali. Mzungumzaji ni dada tunayefanya kazi pamoja. Yeye ndiye aliyeandika programu inayokadiria kujaa na kupwa kwa maji katika mkono wa bahari wa Tudor, kutokana na vipimo vya kihisio cha shinikizo tulichokifunga kwenye nguzo ya gati. Mimi nashughulikia kitakachoonekana kwenye skrini.

Wasikilizaji wamechanganyika: waandishi wa programu, wahandisi, wanafunzi wa vyuo, na watu kadhaa wa bandari na uvuvi ambao hawashindi mbele ya kompyuta lakini wanayajua maji kuliko sisi sote. Kwa hivyo nimeandika sharti moja kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kila slaidi isomeke na mtu wa safu ya mwisho kabla mzungumzaji hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Mtu huyo ameacha shughuli zake, pengine amevuka Likoni kwa feri na kupanda matatu mbili kufika. Tukimwonyesha maandishi asiyoweza kuyasoma, tumemnyima alichokijia.

Dada alikuja na rasimu iliyojaa vitone, yaani orodha za sentensi fupi zenye nukta mbele. Nilimwomba aifunge kompyuta kwanza.

"Dada, wakitoka ukumbini wakabaki na jambo moja tu, ungependa liwe lipi?"

Alifikiri kidogo. "Wajue kwamba kihisio cha bei nafuu kikipima mwezi mmoja mfululizo, kinatosha kutuambia maji ya wiki zinazofuata."

Basi hiyo ndiyo hotuba. Slaidi isiyoisogeza sentensi hiyo mbele inaondoka. Jioni tulipitia rasimu yake tukaziondoa zile za historia ya kikundi, za orodha ya vifaa, na ile ya "Yaliyomo", maana hotuba ya dakika 20 haihitaji ramani ya kujitambulisha.

Jumatano, ukumbini

Msimamizi wa ukumbi alikuwa mwungwana, akatuachia projekta iwashwe na utepe wa kupimia tuutumie tulivyotaka. Kutoka skrini hadi viti vya mwisho ni mita 18. Picha ya projekta ni ya uwiano wa 16 kwa 9, upana mita 3.2, kimo mita 1.8. Namba hizo ndizo zinazoamua ukubwa wa herufi. Ladha yangu haina kauli hapo.

Hesabu yake ni hii. Jicho lenye uwezo wa kawaida, lile ambalo daktari wa macho huliandika 6/6, linaweza kutambua herufi inayochukua dakika 5 za nyuzi, na dakika moja ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi. Ukiwa mita 6 kutoka ubaoni, herufi hiyo ina kimo cha karibu milimita 9. Ukiwa mita 18, ni milimita 26. Lakini huo ndio mpaka wa uwezo, na mtu aliye mpakani husoma kwa kukunja uso. Nikauzidisha mara mbili: milimita 52, na hizo ni za herufi ndogo kama "a" na "e", kwa sababu maneno yetu mengi yameundwa kwa hizo.

Slaidi ya kawaida ya 16 kwa 9 kwenye PowerPoint ina kimo cha sentimita 19.05, sawa na pointi 540. Pointi 540 zikitandazwa kwenye mita 1.8, kila pointi inakuwa milimita 3.3 hivi. Herufi ndogo katika fonti nyingi huwa karibu nusu ya ukubwa wa fonti wenyewe. Ili herufi "a" ifike milimita 52, fonti haina budi kuwa pointi 32. Hiyo ndiyo sakafu yetu. Hakuna maandishi chini ya hapo, si kwenye grafu, si kwenye jedwali, si kwenye msimbo wa programu.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: pointi hazina maana bila kujua kimo cha slaidi. Slaidi ya 16 kwa 9 ya Beamer, programu nyingine ya kutengenezea slaidi, ina kimo cha sentimita 9 tu, hivyo pointi 32 za PowerPoint ni sawa na kama pointi 15 za Beamer. Ushauri wa "tumia pointi 24" ukipewa bila kutajiwa kimo, uulize kwanza ni 24 za wapi.

Kutokana na vipimo hivyo nimepata kipimo kingine ambacho nitakitumia kila siku ya kazi hii. Mtu wa mwisho yuko mbali mara 10 ya kimo cha picha: mita 18 kwa mita 1.8. Uwiano huo ndio unaohesabika machoni. Kwa hivyo kompyuta yangu yenye kioo cha kimo cha sentimita 19 ikiwa mezani, nikisimama umbali wa mita 1.9, naiona slaidi vilevile atakavyoiona yeye. Simu iliyolazwa, yenye kimo cha sentimita 6.5, nikiishika kwa sentimita 65, yaani urefu wa mkono, ni hivyo hivyo. Nimeweka alama ya gundi sakafuni pale ofisini.

Jumatano hiyo hiyo, mwanga

Ukumbi una madirisha makubwa upande wa magharibi, na pazia zake ni nyepesi. Saa nane mchana, muda uliopangiwa hotuba yetu, jua liko upande huo. Nilipima kwa programu ya kupimia mwanga kwenye simu, nikiiweka kwenye skrini yenyewe. Laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Projekta ikionyesha weupe mtupu: laksi 400. Ikionyesha weusi mtupu: laksi 80.

Weusi wa laksi 80! Projekta haina wino mweusi. Inachoweza ni kuacha kumulika, na pale isipomulika unaona mwanga wa chumba uliotua kwenye kitambaa. Kwa hivyo tofauti kubwa kabisa tunayoweza kuipata mchana ule ni 400 kwa 80, yaani 5 kwa 1. Kwenye kioo cha kompyuta, kwa fomula ya WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya kurasa za wavuti zisomeke na watu wote, nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1.

Hapo ndipo slaidi nyingi nzuri zinapofia. Chukua kijivu chenye msimbo #767676, ambacho juu ya nyeupe kinafikia 4.5 kwa 1, kiwango ambacho miongozo hiyo inakitaka kwa maandishi ya kawaida. Ukiongeza mwanga wa chumba kile pande zote mbili za hesabu, kinashuka hadi karibu 2.9 kwa 1. Kilichopita mtihani ofisini kimeanguka ukumbini.

Uamuzi: usuli mweupe, maandishi meusi kabisa, hakuna kijivu kwenye chochote kinachopaswa kusomwa. Dada alipenda usuli mweusi kama ule anaoandikia programu usiku, na kwenye chumba chenye giza ningemkubalia. Hapa weusi ule ungegeuka kijivu chenye vumbi. Nilimwonyesha slaidi zote mbili palepale skrini ikiwa mbele yetu, akasema, "Haya, nyeupe." Yalikwisha.

Ijumaa, vichwa

Asubuhi nzima tumeandika vichwa. Rasimu ilikuwa na "Utangulizi", "Mbinu", "Matokeo", "Matokeo (inaendelea)". Kichwa cha namna hiyo kinataja rafu tu, hakisemi kilichomo. Michael Alley, mwalimu wa uandishi wa kihandisi katika Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, anafundisha njia nyingine: kichwa kiwe sentensi kamili inayodai jambo, isiyozidi mistari miwili, na chini yake uweke ushahidi wa kuonekana. Nimeifuata kwa sababu inambana mwandishi. Usipoweza kuandika sentensi, huna slaidi bado.

"Matokeo" ikawa "Kadirio linafuata maji halisi kutoka bamvua hadi maji mafu", yaani kutoka siku za maji kujaa na kupwa sana hadi zile ambazo tofauti ni ndogo. "Mbinu" ikavunjika kuwa tatu, na ya kwanza inasema "Mwezi peke yake unaeleza sehemu kubwa ya kupanda kwa maji".

Nikimweleza dada kwa nini nashikilia jambo hili, nilimkumbusha Columbia. Januari 2003, chombo hicho cha anga za juu kilipokuwa kinaruka, kipande cha povu la kuhami joto kilichomoka kikapiga bawa. Wahandisi walichunguza, na matokeo yakawasilishwa kwa slaidi. Moja kati ya hizo ilikuwa na vitone ndani ya vitone, ngazi kwa ngazi, chini ya kichwa kirefu kilichowapa watu matumaini. Mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na habari iliyotakiwa kuwa juu: ujazo wa kipande kile ulikadiriwa inchi za ujazo 1920, huku majaribio yaliyotegemewa yakiwa ya inchi za ujazo 3. Mara 640. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Ripoti ya tume ya uchunguzi, iliyotoka Agosti mwaka huo, ilikosoa desturi ya kuweka slaidi mahali pa ripoti za kiufundi.

Hotuba yetu ni ya maji ya Tudor, haibebi roho za watu angani. Lakini wako watakaoamua safari ya ngalawa kwa makadirio kama haya. Likoni nako maji yakipwa sana, mteremko wa kupandia feri huwa mkali na magari mazito hutaabika. Namba inayomhusu mtu haifichwi kwenye kitone cha nne.

Jumatatu, grafu

Siku ndefu, na ndiyo niliyoifurahia kuliko zote.

Grafu ya awali ilitoka moja kwa moja kwenye programu: mistari saba ya rangi saba, gridi nzito, ufunguo kwenye pembe, tarehe zimelazwa kwa mshazari kwa herufi za milimita chache. Kwa mtu anayeichunguza data, grafu hiyo inafaa, kwa sababu ana muda na anaweza kuikuza. Msikilizaji ana sekunde chache, na hawezi kukuza chochote.

Nimeigawa iwe slaidi tatu zinazofuatana. Ya kwanza ina vipimo pekee: vitone vya samawati, siku 29, mita upande wa kushoto. Umbo linaonekana bila kuelezwa. Maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na mawimbi hayo yanatanuka na kunywea kadiri wiki zinavyopita. Katika maji yetu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3 wakati wa bamvua, na wakati wa maji mafu hushuka hadi karibu na mita 1.

Ya pili inaongeza mstari mmoja wa rangi ya machungwa iliyokolea: wimbi linalotokana na mvuto wa mwezi peke yake, lile ambalo wataalamu huliita M2, lenye mzunguko wa saa 12.42. Mstari unapanda na kushuka kwa wakati wake lakini kimo chake hakibadiliki, na vitone vinautoka pande zote. Watu wataona wenyewe kwamba kuna kitu kimekosekana. Ya tatu inaongeza wimbi la jua, S2, lenye mzunguko wa saa 12 kamili. Mawimbi haya mawili yanakutana na kuachana kila baada ya siku 14.77, na ghafla mstari unatanuka na kunywea pamoja na vitone. Bamvua na maji mafu vimetokea mbele ya macho yao.

Mihimili ya slaidi zote tatu imekaa mahali pamoja hadi pikseli. Kipimo cha juu ni kilekile, cha chini ni kilekile. Kitu pekee kinachobadilika ukibonyeza ni mstari, kwa hivyo jicho halina pengine pa kwenda. Mihimili ikiruka hata kidogo, msikilizaji anapoteza sekunde akitafuta kilichohama.

Gridi nimeiondoa. Ufunguo pia: jina la kila mstari limeandikwa kando ya mstari wenyewe, kwa rangi yake. Samawati na machungwa hayo nimeyatoa kwenye rangi 8 walizozichagua Masataka Okabe na Kei Ito wa Japani, ili wasiotofautisha nyekundu na kijani waweze kuzitenganisha. Hata hivyo siitegemei rangi peke yake. Vipimo ni vitone, makadirio ni mstari. Ukiichapisha grafu kwa wino mweusi bado inasema yale yale.

Alasiri niliichapisha, nikaenda nayo Mji wa Kale kwa mzee mmoja nahodha ninayemheshimu sana. Sikumwambia ni nini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Aliishika karatasi mbali na uso, akapitisha kidole. "Hapa bamvua. Hapa maji mafu. Hapa bamvua tena, lakini hii ya pili ndogo kuliko ile." Kisha akauliza, "Mbona hamkuuandika mwezi?"

Swali hilo ni zito kuliko maoni yote tuliyopata ofisini. Mvuvi haanzi na tarehe ya kalenda, anaanza na mwezi. Nimeongeza alama mbili: duara jeusi kwa mwezi mwandamo na duara tupu kwa mwezi mpevu. Sasa inaonekana pia kwamba bamvua kubwa haiji siku yenyewe ya mwezi mpevu; hufuata baada ya siku moja au mbili. Dada alikuwa na sentensi ya kulieleza hilo. Ameifuta, slaidi inalisema.

Jumanne, jedwali na msimbo

Jedwali la awali lilikuwa na mawimbi mengi na tarakimu sita baada ya nukta. Yamebaki manne: M2 12.42, S2 12.00, K1 23.93, O1 25.82, yote kwa saa; K1 na O1 ni mawimbi ya mara moja kwa siku. Nukta zimepangwa moja chini ya nyingine ili urefu wa mizunguko ulinganishwe kwa kutazama tu.

Msimbo ulihitaji hesabu. Upana wa slaidi ni pointi 960. Nikiacha pambizo ya pointi 60 kila upande zinabaki 840. Katika fonti ya msimbo, kila herufi huchukua karibu sehemu 0.6 ya ukubwa wake, kwa hivyo kwa pointi 32 mstari mmoja unabeba herufi 43. Kanuni za uandishi wa Python, lugha ya programu yetu, ziitwazo PEP 8, zinaruhusu 79. Hii ina maana kwamba msimbo ulionakiliwa kutoka kwenye programu hauingii, lazima uandikwe upya kwa ajili ya ukumbi. Dada aliandika mistari sita inayobeba wazo lenyewe, akaacha nje kusoma faili na kushughulikia makosa. Mstari anaouzungumzia umewekewa ukanda wa manjano hafifu nyuma yake. Kufifisha mistari mingine nimekataa, kwa sababu ya laksi zile 80.

Fonti: Noto Sans kwa maandishi, Noto Sans Mono kwa msimbo. Zimeingizwa ndani ya faili. Hapakuwa na mjadala.

Alhamisi, mazoezi

Tumerudi ukumbini. Dada alizungumza, nami nikakaa kiti cha mwisho, na wanafunzi wachache waliokubali kutusaidia wakajaza safu za mbele. Sakafu ni tambarare. Vichwa vya watu vinakula sehemu ya chini ya skrini, karibu moja ya tano. Alama za mwezi nilizokuwa nimeziweka chini ya grafu zilikuwa zimezibwa kabisa. Nimezihamishia juu, na mhimili wa siku umepanda. Sasa sehemu ya tano ya chini ya kila slaidi ni tupu, hata kama kwenye kompyuta inaonekana kama nafasi iliyopotea.

Jingine ni la sauti na macho. Kwenye slaidi mbili dada alikuwa akisoma maneno yaliyo kwenye skrini. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amefanya majaribio mengi kuhusu jambo hili: watu huelewa vizuri zaidi picha ikiambatana na maelezo ya mdomo kuliko picha, mdomo na maandishi yale yale vikija pamoja. Tumeyatoa maandishi, sentensi zimebaki mdomoni mwake. Anapokishika kihisio mkononi kuwaonyesha watu, atabonyeza herufi B ili skrini iwe nyeusi, wamtazame yeye.

Nakala ya PDF iko kwenye flashi mbili. Kebo ya HDMI na kiunganishi cha VGA viko mkobani.

Jumamosi, baada ya hotuba

Jua lilikuwa palepale tulipolipima, na slaidi zilisomeka. Slaidi ya tatu ilipotokea, mstari ulipotanuka na kunywea pamoja na vitone, watu wa bandari waliokaa pembeni walianza kuonyeshana kwa vidole kabla dada hajasema neno. Nilikuwa nyuma kabisa, na nilifurahi sana.

Slaidi ya mwisho haikuwa "Asanteni". Ilikuwa grafu kuu tena, na juu yake anwani ya kupata data, ikabaki pale wakati wote wa maswali. Swali la kwanza lilitoka safu ya mwisho. Kijana aliuliza kwa nini jedwali lina mawimbi manne tu wakati yanajulikana mengi zaidi. Dada alieleza kwamba mwezi mmoja wa vipimo hautoshi kuyatenganisha mawimbi yenye mizunguko iliyokaribiana, kama S2 na K2, wimbi jingine la karibu saa 12. Hapo unahitaji kama siku 182. Kihisio bado kiko majini, kwa hivyo jedwali litakua.

Wavuvi wawili wametuomba tuilete hotuba kwenye banda lao, na huko hakuna projekta. Nitaichapisha grafu ya tatu kwenye karatasi ya A1 iliyolazwa, kimo sentimita 59. Kwa uwiano ule wa mara 10 itasomeka hadi mita 6 hivi, na banda halizidi hapo. Herufi zinabaki na uwiano ule ule. Kinachobadilika ni mhimili wa siku: tarehe za kalenda zinaondoka, zinaingia siku za mwezi kama wanavyozihesabu wenyewe, kuanzia mwandamo. Kesho naanza nao.